Mashine pepe zisizoonekana na wanafunzi: kujenga daraja la mtandao kwenye Linux

*Swali: Nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Tuna kompyuta moja yenye nguvu inayotumia Debian 12. Ndani yake nimeweka mashine pepe mbili (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta) kwa KVM: moja ina Moodle, jukwaa la masomo, nyingine inahifadhi mafaili ya walimu kwa Samba. Nikiwa kwenye kompyuta yenyewe zote mbili zinafunguka, kwa anwani zinazoanza na 192.168.122. Wanafunzi waliounganishwa kwenye swichi hiyohiyo hawazioni. Nilisoma kwamba dawa ni daraja. Nikaunda br0, nikaingiza kadi ya mtandao ndani yake, na papo hapo kompyuta nzima ikapoteza mtandao. Nikajaribu kwa Wi-Fi, ikakataa kabisa. Docker nayo ipo, sijui kama inahusika. Nifanye nini?*

Mwalimu, jambo sana. Nianze na hilo la mwisho: ndiyo, Docker, ile programu ya kuendesha makontena, inaweza kuhusika. Hata kama daraja lingekubali siku ile, Docker ingeweza kukuzuia hatua iliyofuata. Umekutana na matatizo matatu yasiyo na undugu wowote kati yao, na ukiyatibu kwa pamoja utazunguka mchana kutwa. Tuyatenganishe.

Ulichonacho sasa ni mtandao ambao libvirt, programu inayosimamia mashine zako za KVM, hujiundia yenyewe inapowekwa. Unaitwa default. Una daraja lake dogo, virbr0, lenye anwani 192.168.122.1, na programu ya dnsmasq inagawia mashine anwani. Daraja hilo halijaunganishwa na kebo yoyote. Mashine ikitaka kutoka nje, kompyuta mwenyeji inaifutia anwani yake na kuandika ya kwake, yaani NAT. Kutoka ndani kwenda nje kunawezekana. Kutoka nje kuingia ndani hakuna mlango. Laptopu ya mwanafunzi yenye 192.168.1.37 haina habari ya 192.168.122.0, kwa hiyo inampa ruta pakiti hiyo, na ruta nayo haijui pa kuipeleka. Hata ukiifundisha ruta njia, sheria za libvirt kwenye mtandao wa namna hii zinakataa mgeni yeyote anayeanzisha mazungumzo kutoka nje. Wanafunzi wako hawana kosa, na Moodle haina kosa.

Kabla ya kuendelea, jiulize kama unahitaji daraja kweli. Kama shida ingekuwa Moodle peke yake, ningekuambia uweke nginx, seva ya wavuti, kwenye kompyuta mwenyeji, ipokee maombi kwenye poti 80 na kuyapeleka kwa 192.168.122.x, basi. Ni kazi ndogo na inafanya kazi hata kwa Wi-Fi. Lakini una Samba pia, na shule ikishazoea mashine mbili itataka ya tatu. Kwa hiyo nakubaliana nawe: daraja.

Kwa nini kompyuta ilikatika

Daraja la Linux ni swichi iliyo ndani ya keneli, yaani moyo wa mfumo. Lina poti, na lina jedwali la anwani za MAC (utambulisho wa kila kadi ya mtandao) ambalo linajifunza lenyewe nani yuko poti gani. Anwani isiposikika kwa sekunde 300 inafutwa. Kadi yako, tuseme enp3s0, ikiingizwa ndani inakuwa poti ya swichi hiyo. Mashine pepe nazo zinaingia kwa poti zao, ambazo libvirt huziita vnet0, vnet1 na kuendelea. Hapo mashine zako zinakaa kwenye waya uleule wa wanafunzi na kupata anwani za 192.168.1 kama kompyuta nyingine yoyote.

Sasa, poti ya swichi haina anwani ya IP. Hapa ndipo wengi wanaanguka, na ndipo ulipoanguka. Kadi ilipoingia darajani, kila fremu iliyofika kwenye kebo ilipokewa na daraja, lakini anwani ya kompyuta na njia ya kwenda kwa ruta vilikuwa bado vimeandikwa kwenye enp3s0. Keneli ikawa inapokea kupitia br0 na kutafuta kujibu kupitia kadi ambayo si ya kwake tena. Anwani ya mwenyeji, njia ya msingi na DNS vyote vinapaswa kuhamia kwenye br0, na kadi ibaki tupu. Ukilishika hilo, amri zote zinazofuata utazielewa bila kukariri.

Wi-Fi: usipoteze muda hapo

Keneli ilikukatalia kwa haki. Fremu ya kawaida ya Wi-Fi kutoka kwa mteja ina nafasi tatu za anwani: kituo cha Wi-Fi kinachopokea, kadi inayotuma, na yule anayetumiwa mwishoni. Hakuna nafasi ya kusema "natuma mimi, lakini kwa niaba ya mashine pepe yenye MAC nyingine". Kituo cha Wi-Fi nacho kinakubali tu MAC zilizojiandikisha kwake, na mashine yako pepe haijajiandikisha. Ndiyo maana keneli hairuhusu kabisa kuingiza kadi ya Wi-Fi ya mteja kwenye daraja.

Ipo hali ya anwani nne, inayowashwa kwa `iw dev wlan0 set 4addr on`, lakini lazima kituo cha upande wa pili nacho kiikubali, na ruta nyingi za kawaida za dukani hazifanyi hivyo. Huenda umeona VirtualBox ikitumia hali ya daraja juu ya Wi-Fi bila shida. Yenyewe hubadilisha MAC za mashine zote na kuweka ile ya kadi, kisha huzitenganisha tena majibu yakirudi. KVM haina ujanja huo. Ushauri wangu: mwombe prefe, mkuu wa shule, kebo ya mita chache na mtu wa kuivuta ukutani. Kama haiwezekani kabisa, rudi kwenye nginx niliyoitaja, au tumia mtandao wa libvirt wenye `forward mode='route'` na uifundishe ruta njia ya kwenda kwenye mashine kupitia anwani ya mwenyeji.

Kujenga lenyewe

Nachukulia Debian yako ina mazingira ya dirisha, kwa hiyo NetworkManager ndiyo inayosimamia mtandao. Tazama kwanza ulichonacho:

```
ip -br addr
ip route
nmcli connection show
```

Andika pembeni jina la kadi, anwani, ruta, na jina la muunganisho. Hilo la mwisho ni mtego wa huku kwetu: maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa mfumo wa Kiingereza, lakini kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa huwa inauita muunganisho wa kebo "Connexion filaire 1". Ukinakili amri ya mtu mwingine bila kubadilisha jina, nmcli itakuambia hakuna kitu kama hicho. Na kwa kuwa jina lina nafasi katikati, usisahau alama za kunukuu.

Kisha unda daraja, ulipe anwani, na uandae kadi kuwa poti yake:

```
sudo nmcli connection add type bridge ifname br0 con-name br0 bridge.stp no \
  ipv4.method manual \
  ipv4.addresses 192.168.1.10/24 ipv4.gateway 192.168.1.1 ipv4.dns 192.168.1.1
sudo nmcli connection add type ethernet slave-type bridge \
  con-name br0-kebo ifname enp3s0 master br0
sudo nmcli connection modify "Connexion filaire 1" connection.autoconnect no
```

Badilisha nambari ziwe zako. Nimechagua anwani ya kudumu kwa makusudi. Nitaeleza nikifika kwenye umeme. Hakikisha 192.168.1.10 iko nje ya anwani ambazo ruta inagawa.

Kuna uwezekano br0 imeanza kujiwasha pale ulipoiunda, hilo lisikutishe. Kinachohamisha kebo ni amri ya mwisho hapa chini. Kabla ya kuigonga, hasa kama unafanya kazi ukiwa mbali kwa SSH, tega kitu cha kukurudisha ulikotoka:

```
sudo systemd-run --unit=rudisha --on-active=180 \
  sh -c 'nmcli connection down br0; nmcli connection up "Connexion filaire 1"'
sudo nmcli connection up br0-kebo
```

Mambo yakiharibika, baada ya dakika tatu kompyuta inarudi yenyewe kwenye hali ya zamani, na huhitaji kubeba skrini. Yakienda vizuri, zima mtego huo:

```
sudo systemctl stop rudisha.timer
```

Nashangaa jambo hili halisemwi mara nyingi. Wanaotumia netplan kwenye seva za Ubuntu wana `netplan try`, inayojirudisha yenyewe baada ya sekunde 120 usipothibitisha, lakini hata hiyo ukiweka vipimo maalumu vya daraja hugoma, ikisema haiwezi kuvirudisha. Mtego wa systemd-run haubagui.

Sasa `ip -br addr` ionyeshe anwani kwenye br0, na enp3s0 iwe hai bila anwani ya IPv4. `bridge link` ionyeshe enp3s0 iko chini ya br0. Kama anwani imebaki sehemu zote mbili, muunganisho wa zamani bado umewaka, uzime.

Kuhamisha mashine

Kwa kila mashine, `sudo virsh edit moodle` (au jina lolote uliloipa), tafuta sehemu ya mtandao, uiache hivi:

```
<interface type='bridge'>
  <mac address='52:54:00:...'/>
  <source bridge='br0'/>
  <model type='virtio'/>
</interface>
```

Mstari wa MAC usiuguse. Ukibaki uleule, ndani ya mashine hakuna kitakachobadilika jina. Halafu zima mashine kabisa na kuiwasha upya kwa `sudo virsh shutdown` na `sudo virsh start`. Kuianzisha upya kutoka ndani yake hakutoshi, kwa sababu libvirt inasoma mabadiliko hayo mashine inapoundwa tu.

Ukilazimika kuingia ndani kupitia dirisha la virt-manager na nywila ikakataliwa, usiibadilishe kwanza. Andika jina la mtumiaji polepole na uangalie: kama A inatokea Q, mashine inadhani kibodi yako ni QWERTY wakati mbele yako una AZERTY, na tarakimu nazo zimegeuka. Kwa nywila yenye tarakimu hutaona kosa, utaona kukataliwa tu.

Moodle ina jambo lake la ziada ambalo litakuchanganya usipolijua. Ndani ya `config.php` kuna mstari wa `$CFG->wwwroot`, na humo imeandikwa anwani uliyotumia siku ya kuiweka, bila shaka 192.168.122 fulani. Mashine ikishapata 192.168.1.20, mwanafunzi ataandika anwani mpya, Moodle itampokea vizuri kabisa, kisha itamtupa kwenye anwani ya zamani. Atakuambia daraja halifanyi kazi, kumbe daraja limefanya kazi yake. Badilisha mstari huo mara moja baada ya kuhamisha. Afadhali uipe jina kwenye DNS ya ruta, kama ruta inaruhusu, uandike jina badala ya nambari.

Docker

Hapa ndipo ningetaka uwe makini kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu dalili zake zinadanganya. Kwa kawaida fremu zinazopita darajani hazigusi sheria za iptables, yaani faiwoli ya keneli. Zinaingia poti moja na kutoka nyingine. Lakini ipo moduli ya keneli iitwayo br_netfilter inayolazimisha hata trafiki ya daraja ipite kwenye iptables, na mara nyingi Docker huipakia kwa mahitaji yake. Zaidi ya hayo, tangu toleo la 1.13 la mwaka 2017, Docker ikiwasha yenyewe usafirishaji wa pakiti huweka mnyororo wa FORWARD, yaani sheria za pakiti zinazopita tu, kwenye hali ya kutupa kila kisichoruhusiwa. Viunganishe viwili hivyo: kila pakiti inayotoka kwa mashine pepe kwenda kwenye kebo kupitia br0 inachukuliwa kama pakiti inayosafirishwa, haina ruhusa, inatupwa.

Ukitazama kutoka nje, mwenyeji anaongea na mashine pepe bila shida, kwa sababu mazungumzo yao hayapiti FORWARD. Mwenyeji anaongea na ruta bila shida. Laptopu ya mwanafunzi ikiuliza kwa ARP (njia ya kutafuta MAC ya mwenye anwani) nani ana 192.168.1.20, inajibiwa, kwa sababu ARP haipiti kwenye iptables. Hata MAC ya mashine itaiona. Ila ping haijibiwi, na DHCP ya mashine, inayoomba anwani kwa ruta, haipati kitu. Mtu akiona ARP inajibu anaapa kwamba mtandao ni mzima na kuanza kuishuku mashine yenyewe.

Hakikisha kwa amri hizi:

```
sysctl net.bridge.bridge-nf-call-iptables
sudo iptables -L FORWARD -n -v | head
```

Ya kwanza ikisema 1, na ya pili ikianza na `policy DROP`, umempata mhusika. Dawa ninayoipendelea ni kuruhusu trafiki ya daraja lako tu, kwenye mnyororo ambao Docker imeuacha kwa ajili ya mtumiaji:

```
sudo iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT
```

Wengine watakushauri uweke ile sysctl kuwa 0. Inafanya kazi, lakini inagusa madaraja yote ya kompyuta pamoja na ya Docker yenyewe, na ukiiandika kwenye `/etc/sysctl.d` huenda isomwe kabla moduli haijapakiwa na isifanye chochote. Sheria moja kwenye DOCKER-USER ni nyembamba na inajieleza. Kwa kuwa itapotea kompyuta ikizimwa, iandikie huduma ndogo, `/etc/systemd/system/daraja-docker.service`:

```
[Unit]
After=docker.service
Wants=docker.service

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/sbin/iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Kisha `sudo systemctl enable daraja-docker`. Na kama ukikagua ukaona Docker ilikuwa ya majaribio ya muhula uliopita na hakuna anayeitumia, iondoe. Hiyo ndiyo dawa bora kuliko zote.

Kama bado hakuna jibu

Usianze kubahatisha. Fuata pakiti. `sudo virsh domiflist moodle` itakuambia mashine iko vnet ipi. Fungua madirisha mawili:

```
sudo tcpdump -eni vnet0 arp or icmp or port 67
sudo tcpdump -eni enp3s0 arp or icmp or port 67
```

Halafu piga ping kutoka ndani ya mashine. Pakiti ikionekana vnet0 na isionekane enp3s0, inaliwa ndani ya mwenyeji: rudi kwa Docker au faiwoli nyingine. Ikionekana zote mbili na jibu lisirudi, tatizo liko nje ya kompyuta yako: swichi inayoruhusu MAC moja tu kwa kila poti, au ruta inayochuja MAC isizozijua. Isipoonekana hata vnet0, mashine yenyewe haijaweka mtandao wake sawa. Uchunguzi huu wa dakika mbili unaokoa jioni nzima.

Mawili mengine madogo. Nimezima STP, kinga dhidi ya fremu kuzunguka bila mwisho, kwa `bridge.stp no` kwa sababu NetworkManager huiwasha yenyewe, na ikiwa imewashwa kila poti mpya husikiliza sekunde 15 na kujifunza nyingine 15 kabla ya kupitisha chochote. Mashine inayowaka na kuomba DHCP katika sekunde hizo 30 inaweza kukata tamaa. Ila kuizima ni salama tu kama daraja lina kebo moja. Siku utakapochomeka kebo ya pili kutoka br0 kwenda swichi ileile, fremu zitazunguka bila mwisho na shule nzima itakwama. Hapo ama uwashe STP ama uchomoe kebo.

La pili ni MAC ya br0. Inaweza kutofautiana na ya kadi, na kama ruta ilikuwa imeihifadhia kadi anwani maalumu au inaruhusu MAC zilizoandikwa tu, haitaitambua. Ipe daraja MAC ya kadi kwa `nmcli connection modify br0 bridge.mac-address` ikifuatiwa na MAC yenyewe, kisha uliwashe upya.

Utakutana pia na macvtap, ambayo virt-manager inaitoa bila kuhitaji daraja lolote. Inafanya kazi kwa kebo, na ni haraka kuiweka. Ubaya wake ni kwamba mwenyeji na mashine zake hawawezi kuzungumza kupitia kadi hiyo. Kwa kuwa unafungua Moodle kutoka kwenye kompyuta yenyewe, na pengine utataka kuhifadhi nakala za mafaili hapohapo, haikufai.

Baada ya kufaulu

Mpaka leo NAT ilikuwa inakufichia mashine hizo bila wewe kuomba. Zikishakaa darajani, kila laptopu na kila simu iliyo kwenye mtandao wa shule inazifikia moja kwa moja, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho watajaribu, hilo usiwe na shaka nalo. Weka faiwoli ndani ya kila mashine, acha wazi poti zinazohitajika tu, zima kuingia kwa nywila kwenye SSH, na Samba isikubali wageni wasio na jina.

Na ukifika kwenye somo la DHCP, tafadhali usiweke seva ya DHCP ya mazoezi kwenye mashine iliyo kwenye br0. Itaanza kuwajibu watu wote wa shule, pamoja na ofisi ya prefe, kwa anwani zisizo na njia ya kutoka. Unda mtandao wa libvirt usio na sehemu ya `forward` hata kidogo. Mashine za mazoezi zitaonana zenyewe kwa zenyewe, na zikiharibika zinaharibikia humo.

Imebaki habari ya umeme. Ukikatika na kurudi, ruta, swichi na kompyuta vinawaka kila kimoja kwa mwendo wake, na ruta za bei nafuu huchelewa. Kompyuta mwenyeji yenye anwani ya kudumu haimsubiri mtu. Ndiyo sababu sikutaka DHCP kwenye br0. Fanya vivyo hivyo kwa mashine pepe mbili: anwani za kudumu ndani yake, nje ya zile ruta inazogawa. Kisha:

```
sudo virsh autostart moodle
sudo virsh autostart mafaili
```

Kama una UPS inayoweza kuiambia kompyuta kwamba betri inaisha, hakikisha kwenye `/etc/default/libvirt-guests` kuna `ON_SHUTDOWN=shutdown`, ili mwenyeji azime mashine kwa utaratibu kabla ya kujizima mwenyewe. Hifadhidata ya Moodle haipendi kukatwa katikati ya kuandika. Bila UPS mstari huo hausaidii kitu, na hapo jitahidi upate nakala ya hifadhidata kila usiku kwenye diski iliyo nje ya kompyuta hiyo.

Ukifika njiani ukakwama, nitumie matokeo ya `ip -br addr`, `bridge link` na tcpdump zile mbili, nami nitakuambia pakiti inaishia wapi.